Kamera Yangu na Maulidi ya Lamu

Msomaji mpenzi, kila mwaka Mfungo Sita ukikaribia, vijana hunijia nyumbani kwangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, kuniuliza habari za kwenda Lamu kupiga picha. Huniuliza kamera ipi ni bora, lenzi ipi hufika mbali, na mahali gani ni pazuri pa kusimama. Maswali hayo ni mema nami huyajibu kadiri nijuavyo. Lakini liko swali moja ambalo hawaniulizi, nalo ndilo lililonigharimu mimi kuliko kamera zote nilizopata kununua. Leo nataka kulieleza wazi, kwani aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka.

Mara yangu ya kwanza kwenda Lamu na kamera ilikuwa mwaka 1979, nikiwa kijana wa miaka 19. Nilipanda basi la alfajiri, tukapita Malindi na Garsen, tukafika Mokowe tumejaa vumbi hata kope. Hapo tukaingia chomboni na kuvuka hadi mjini. Mkobani nilikuwa na filamu tatu tu, kila moja ya picha 36. Maana yake ni kwamba nilikuwa na picha 108 za kunitosha siku nne. Kijana wa leo hupiga idadi hiyo kabla hajamaliza kikombe chake cha kahawa. Sisi kila tulipobonyeza kitufe tulisikia kama shilingi inadondoka.

KALENDA MBILI

Jambo la kwanza ambalo mpiga picha wa sherehe zetu hana budi kulijua si kamera bali ni hesabu ya miezi. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kwa hiyo Maulidi hayakai mahali pamoja katika kalenda ya ukutani. Kila mwaka husogea nyuma, na yakisogea huhama msimu, na yakihama msimu huhama na mwanga wake.

Mwaka ule wa 1979 Maulidi yaliangukia Februari, kaskazi imetanda, jua kali, mbingu nyeupe na vivuli vyeusi kama wino. Mwaka 1986 yalikuwa Novemba, wakati wa matlai na mvua za vuli, na mwanga ukibadilika mara kumi kwa siku. Mwaka 1996 yalikuwa Julai katikati ya kusi, mawingu yanakimbia na bahari imechafuka. Mwaka 2012 yakarudi tena Februari. Hiyo ni miaka 33 ya jua, na ndio mzunguko kamili. Mtu akijaliwa umri mrefu ataweza kuuona mara mbili katika maisha yake. Mwaka 2025 yalikuwa Septemba, kama yalivyokuwa mwaka 1992.

Ndiyo maana humwambia kijana kwamba picha nzuri aliyoiona ya miaka kumi iliyopita haitampa mwanga wa mwaka huu. Ziko sherehe zetu nyingine ambazo hazina taabu hiyo. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kule Unguja, hufuata hesabu ya jua ya Nairuzi, na kila mwaka watu hukutana Julai kupigana kwa vigogo vya migomba na kuchoma kibanda cha makuti. Mpiga picha wa Makunduchi ajua kusi itamkuta. Mpiga picha wa Lamu lazima aanze upya kila mwaka.

HABIB SWALEH NA RIYADHA

Si kila msomaji amejaliwa kuhudhuria, basi nieleze kidogo. Maulidi ya Lamu yanafungamana na jina la Habib Swaleh bin Alawy Jamalilleyl, mzaliwa wa Ngazija aliyehamia Lamu katika karne ya 19. Yeye ndiye mwanzilishi wa Msikiti wa Riyadha, upande wa Langoni, na darasa zake zilikuwa wazi kwa watu ambao wakubwa wa mji wakati ule hawakuona haja ya kuwasomesha. Alifariki katika miaka ya 1930, na hadi leo watu hutoka Mombasa, Malindi, Ngazija, Unguja, Tanga na nchi za Ghuba kuja kuzuru.

Riyadha husomwa Simtu'd-Durar, maulidi yaliyotungwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut. Husomwa kwa matari, na waliosimama huyumba pamoja kama shamba la mpunga likipitiwa na upepo. Usiku mkubwa ni ule wa Alhamisi ya mwisho ya Mfungo Sita. Pamoja na ibada hiyo, mji wote huchangamka. Kuna mashindano ya mashua, mbio za punda, kuogelea, mashindano ya bao, ngoma ya kirumbizi ya kuchezea fimbo, na zefe ipitayo kando ya bahari. Mji wenyewe ni ule ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na ngome yake, iliyomalizwa kujengwa mwaka 1821, bado imesimama katikati kama mzee wa baraza.

MAHALI PA KUSIMAMA

Sasa niyajibu yale maswali ya vijana.

Mji wa Lamu unaelekea mashariki, unatazamana na Manda. Asubuhi jua hupiga nyuso za majumba ya ufukweni. Baada ya alasiri mambo hugeuka. Majumba hutupa kivuli barabarani, ilhali mkondo wa bahari mbele yako bado unang'aa. Basi kwa mashindano ya mashua ya mchana, simama gatini jua likiwa mgongoni mwako, na matanga yatakuwa meupe kama maziwa. Lakini ukitaka sura za watu barabarani saa hizo, jua kwamba uko kivulini na uipime kamera yako kwa kivuli, si kwa bahari.

Usiipige mashua ikienda sawasawa. Ingoje penye boya, pale inapobisha na kugeuza tanga. Mabaharia huparamia ubao uliotokezwa nje upande wa upepo, mmoja nyuma ya mwenziwe, hata miguu yao ikigusa maji. Hapo ndipo ustadi unapoonekana, na hapo ndipo nahodha hupiga kelele. Msimu wa kusi upepo ni mzito na kazi hiyo huonekana zaidi.

Punda nao wana hila zao. Ukiishika kamera imara na kupiga kwa kasi kubwa, utapata punda aliyeganda kama sanamu. Punguza kasi mpaka sehemu ya 60 ya sekunde, kisha izungushe kamera pamoja na punda tangu anapotokea hadi anapokupita. Kijana aliyempanda atatoka wazi, na watu nyuma yake watakuwa kama mistari ya upepo. Nimepoteza filamu nzima kujifunza jambo hilo, na mara moja nusura nipoteze mguu.

Tatizo kubwa kuliko yote ni kanzu. Watu mia mbili wamevaa kanzu nyeupe chini ya jua! Kipima mwanga hudanganyika, hudhani dunia yote ni nyeupe namna ile, nacho huipunguza nuru. Ukisafisha picha unakuta kanzu ni safi na nyuso za wenyewe ni makaa. Dawa yake ni kupima mwanga juu ya kiganja cha mkono wako mwenyewe, kwani ngozi yako na ya ndugu zako ni jamaa moja. Kanzu ikizidi weupe kidogo, hakuna atakayekulaumu. Mtu hutafuta uso wake katika picha, hatafuti nguo.

Ama usiku wa Riyadha, weka taa ya kamera mkobani. Mtu aliyezama katika kumswalia Mtume hastahili kumulikwa machoni kama sungura. Sisi tulitumia filamu ya 400, tukaegemea nguzo, tukazuia pumzi.

KADI YA POSTA

Hayo yote niliyajua kufikia mwaka 1986. Nilikuwa nimekwisha kuwa fundi, au nilidhani hivyo. Mwaka huo nilikuwa nimenunua lenzi ndefu, ya kwanza maishani mwangu, na kama mtoto mwenye manati mpya nikawa natafuta cha kulenga.

Zefe ilipokuwa ikipita kando ya bahari niliinua macho. Juu darini kwa nyumba moja, chini ya makuti, walikuwa wanawake watatu au wanne wakitazama. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka baharini. Msichana mmoja mtandio ulikuwa umemwanguka mabegani, nywele zimempeperuka, naye anacheka akielekeza kidole kwa mtu fulani katika zefe, labda kakake, labda babake. Mwanga ulikuwa umepenya kwenye makuti ukampata usoni. Nilibonyeza kitufe mara moja.

Wallahi, ilikuwa picha nzuri. Nasema kweli kwa sababu ule uzuri wake ndio uliokuwa mtego. Niliisafisha nyumbani, nikaitundika ukutani, na kila aliyeingia aliisifu. Mwenye duka mmoja wa vitu vya watalii akaniomba aifanye kadi ya posta. Alinilipa. Nikanunua viatu na nikampelekea mama kilo mbili za nyama. Zilichapwa kadi 500.

Mwaka uliofuata nilirudi Lamu kwa Maulidi. Nilikuwa nimeketi kando ya bahari nikinywa kahawa, akaja mtu wa makamo yangu, kanzu safi, kofia ya mkono, akanisalimu kwa adabu na kuketi karibu nami. Aliniuliza hali, safari, na jamaa zangu Mombasa. Kisha akatoa mfukoni kadi iliyofungwa kwa karatasi.

"Ndiwe uliyepiga hii?"

"Ndimi," nikasema, na ninaona aibu kuandika kwamba nilisema kwa fahari.

"Huyu ni dada yangu," akasema. "Mgeni wa Kizungu alikuja nayo mkononi akiuliza nyumba iko wapi. Alitaka kuona mahali penyewe. Bibi yangu ndiye aliyemfungulia mlango."

Sikuwa na la kujibu.

"Sikuja kugombana nawe, ndugu yangu. Mgeni wa Maulidi hagombezwi. Nimekuja kukuuliza jambo moja tu. Picha hii utairudisha vipi?"

Nilianza kusema kwamba sikukusudia ubaya, na kwamba zefe ilikuwa ya watu wote. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Zefe ilikuwa barabarani. Dari ni ya kwetu. Mwaka huu dada yangu hakupanda kutazama."

Msomaji mpenzi, angalinitukana ningejua la kufanya. Lakini maneno yale machache yalinikaa. Mtoto wa watu alikuwa na dirisha moja katika mwaka la kuitazama furaha ya mji wake, nami nikalifunga kwa kubonyeza kitufe, kisha nikanunua viatu.

Niliporudi Mombasa nilikwenda kwa yule mwenye duka nikazinunua kadi zilizobaki. Zilikuwa 140. Nilizunguka maduka mengine nikapata 23. Zile nyingine zilikwisha kwenda zao, na labda hadi leo zimo katika madroo ya watu wa Ulaya wasiojua hata jina la mji. Nilisafiri tena hadi Lamu na negetivu, nikaikata vipande kwa mkasi mbele ya ndugu yule. Alivichukua vipande, akaniombea dua, akaniagizia kahawa. Alinisamehe. Lakini swali lake sijalijibu, kwa kuwa halina jibu. Picha iliyokwisha toka hairudi.

HALALI NA HESHIMA

Wako watakaosema kwamba kosa langu lilikuwa kuipiga picha yenyewe. Jambo hilo maulamaa wamelijadili kwa muda mrefu. Wako wanaokataza taswira za viumbe kwa jumla. Wako walioruhusu picha za kamera, mmoja wao Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliyeeleza kwamba kamera haiumbi kitu bali hukizuia kivuli tu. Mimi si mwanachuoni, siingii katika uwanja wa wenyewe. Lakini hata kwa aliyeruhusu, kivuli kina mwenyewe. Kuzuia kivuli changu si sawa na kuzuia kivuli cha dada wa mtu.

Tangu mwaka ule nimejiwekea masharti yangu. Nikifika Lamu, kabla sijaufungua mkoba huenda Riyadha kuwasalimu wazee na kuuliza yapi naweza kupiga na yapi niyaache. Mwaka mmoja waliniambia niache sehemu fulani, sikuuliza kwa nini. Kaburini sipigi mtu analia. Watoto wa madrasa naomba ruhusa kwa mwalimu wao. Mashua, punda, bao na kirumbizi ni vya uwanjani, na wachezaji wenyewe hupenda kuonekana, lakini hata hao huwaomba. Darini siinui lenzi.

Na sharti la mwisho, ambalo vijana huliona ni usumbufu, ni kwamba ninapomwahidi mtu picha, humpelekea. Nahodha mmoja mzee nilimpelekea picha yake mwaka 1992 akiwa ameushika usukani, tanga limejaa. Aliitazama kitambo, akauliza, "Mimi ndimi huyu niliyezeeka hivi?" Tukacheka. Alipofariki, wanawe ndio walioniarifu kwamba hawakuwa na picha nyingine ya baba yao akiwa kazini. Ningekuwa nimeiweka sandukuni mwangu ingewafaa nini?

ZAMA ZA SIMU

Leo kila kiganja kina kamera. Zefe ikipita, simu huinuliwa kama msitu, na kabla ya adhana ya magharibi picha zimekwisha fika Maskati, Dubai na London. Sisemi kwamba ni vibaya. Wako watoto wa Lamu walioko ng'ambo ambao hawajarudi kwa miaka mingi, nao huiona Langoni yao saa ile ile, wakatokwa na machozi. Hilo ni jambo la heri ambalo filamu zangu tatu hazikuweza.

Lakini hesabu nyenyewe imebadilika. Mimi kadi zangu zilikuwa 500, nikaweza kuzihesabu na kununua 163. Kijana wa leo picha yake ikienda mbio haina hesabu wala duka la kuirudishia. Bunge letu limepitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, nayo yataja ridhaa ya mtu. Vyema. Lakini kabla ya sheria kulikuwa na hodi. Watoto wetu tumewafundisha kubisha hodi mlangoni, na kamera nayo ni mlango.

Nimalizie na jambo moja. Mwaka 2012, Maulidi yaliporudi Februari kama yalivyokuwa nilipoanza, nilisafiri Lamu pamoja na mpwa wangu, binti aliyejifunza kazi hii kwangu na sasa amenipita. Ndugu yule wa kahawa, ambaye mvi zimekwisha mjaa kama mimi, alitukaribisha kwake. Baada ya chakula alimwambia mpwa wangu, "Mwanangu, wanawake wa nyumba hii wanataka kupigwa picha zao wenyewe, huko juu, zefe ikipita. Utawapigia?"

Binti alinitazama. Nikamwambia, "Huulizwi mimi. Waulize wao."

Alipanda darini akakaa huko mpaka magharibi. Tulisikia vicheko vikishuka ngazi. Aliposhuka, aliitoa ile kadi ndogo ya ndani ya kamera akamkabidhi mama mwenye nyumba, wala hakubaki na nakala hata moja. Dada yule wa mwaka 1986 alikuwamo au hakuwamo, sikuuliza. Picha zile sijaziona, na sitaziona.

Basi kijana, ukitaka kwenda Lamu msimu huu, pima mwanga kwa kiganja chako, ingoje mashua penye boya, na mfuate punda kwa kamera. Lakini kabla ya hayo yote piga hodi kwanza. Ukiitikiwa, karibu. Usipoitikiwa, rudi zako, nawe hujapoteza kitu.

Wassalaam.